Mtani Hasamehewi

Baba alifariki Alhamisi alfajiri, na mimi nilifika mlimani saa tatu asubuhi nikiwa na mfuko wa sukari mkono mmoja na viatu mkono wa pili. Sikulia. Wifi yangu alilia kwa niaba yetu sote, shangazi alizimia mara mbili, na mimi nikasimama pembeni ya uwanja nikitazama wanaume wakifunga turubai kwenye migomba. Nilichokuwa nakiwaza ni kwamba kamba yao ilikuwa fupi, haitafika mgomba wa tatu. Haikufika. Nikasema, "Si nilijua," na hakuna aliyeelewa nazungumzia nini.

Wazazi wangu walijenga juu ya Bigwa, huku Morogoro, mwendo wa saa moja na ushee kwa miguu kwa mtu aliyezoea. Mimi nilizoea zamani. Sasa naishi chini karibu na barabara, nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi, na somo langu ni Uraia na Maadili. Nikipanda nyumbani nasimama mara tatu njiani na kujifanya naangalia mji.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kwa miaka mingi kuliko inavyofaa, na kwa sababu hiyo msiba wake ulileta mgeni wa serikali kutoka mjini. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vya kuchongoka vilivyong'arishwa asubuhi ileile. Njia yetu haina huruma na viatu vya aina hiyo. Alifika akiwa ameshikilia migomba mmoja baada ya mwingine, akapewa kiti na maji, akakaa dakika nyingi bila kuweza kusema chochote. Alipopata pumzi alisimama akatupa pole za serikali, kisha akasema barabara ya huku juu ipo kwenye mchakato. Baba aliiomba barabara hiyo tangu mimi niko darasa la tatu. Nina miaka arobaini na sita.

Mgeni alipoketi, mtani wetu akatoka jikoni.

Hapa inanibidi nieleze, kwa sababu kila kitu kilichofuata kimesimama juu ya jambo hili. Sisi Waluguru hufuata ukoo wa mama, na kila ukoo una watani wake. Ukoo wa mwanamke huyu aliyetoka jikoni na ukoo wetu ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Anakaa ng'ambo ya kijito, ni mdogo kwa mama yangu kwa miaka michache, anauza mboga mjini. Anaweza kuingia jikoni kwetu akaondoka na kuku, nasi tukacheka, kisha wiki ijayo tukaenda kwake tukakata mkungu wa ndizi naye akacheka. Mimi ananiita mtumwa. Mama yangu huitwa naye mchawi, hata mbele ya shehe, na mama humwita yeye mbwa na jizi la kuku. Baba alikuwa wa ukoo mwingine, lakini mwanaume akioa kwetu hurithi na matusi yetu.

Msibani ndipo hasa penye kazi ya mtani. Wengine wanalia, yeye anapika, anaamrisha, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na akikohoa, mpaka mfiwa acheke bila kupenda. Na kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: mtani hakasirikiwi. Kwa kuwa hakasirikiwi, haombi radhi. Kwa kuwa haombi radhi, hasamehewi, maana hakuna kosa la kusamehe. Ukimkasirikia mtani umeuvunja utani, si wako peke yako, wa ukoo mzima. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma.

Basi akatoka jikoni. Alikuwa amefunga mto tumboni ndani ya kanga, amevaa koti la baba juu yake, na ameshika mchi kama bakora. Akaanza kupanda uwanja uliokuwa tambarare kabisa, akihema, akishikilia migomba, kisha migomba ilipokwisha akashikilia vichwa vya wanawake waliokaa kwenye mikeka. Alipofika katikati alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akajifuta jasho kwa kitambaa cha kuepulia sufuria. Watu walikuwa tayari wanang'ata kanga zao.

"Ndugu marehemu," aliuambia mlango wa chumba alimolazwa baba, kwa sauti ya mgeni, ileile, hata kikohozi chake kidogo. "Serikali yako inakupenda. Barabara yako ipo kwenye mchakato. Wewe tangulia, sisi tunakuja nyuma na greda."

Uwanja ukapasuka. Yeye hakucheka. Alisimama, akaugeuza ule mchi, akacheza nao kidogo mchezo wa unyagoni ambao sitauandika hapa kwa sababu nafundisha maadili. Kisha akaeleza kwa upole kwamba majirani wa ng'ambo watamkumbuka sana marehemu, maana usiku walikuwa wakidhani huku kwetu kunatwangwa mahindi.

Ndipo nilipomsikia mama. Tangu alfajiri mama alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani, hajatamka neno, hajagusa maji. Tulimbembeleza kwa zamu, kila mmoja na kikombe chake. Sasa alicheka kwa sauti iliyotoka hadi nje, cheko la mtu aliyeshtukizwa, na akasema, "Mbwa wewe, utakufa vibaya!" Halafu akaomba uji.

Na mgeni wa serikali alicheka. Nataka hilo lieleweke vizuri. Alicheka mpaka akavua miwani na kuifuta kwa tai, akamwambia mtu wa pembeni yake, "Huyu mama ananijua." Nilimwona kwa macho yangu na nilimwona kupitia simu, kwa sababu muda wote huo nilikuwa narekodi.

Nilikuwa namrekodia kaka yangu. Yuko Mtwara, baba alizikwa alasiri ya siku ileile kama dini inavyotaka, na hakuna gari ambalo lingemfikisha. Nilimpigia picha turubai, nikampigia picha kaburi linavyochimbwa, na mtani alipotoka jikoni nikabonyeza video. Niliituma kwenye grupu la familia. Kaka akajibu kwa sauti, analia na kucheka kwa pamoja, akisema sasa ndiyo anajisikia amemzika baba. Nilifurahi, kwa kiasi nilichoweza kufurahi siku ile. Baada ya hapo nikaenda kuosha vyombo.

Kaka aliituma kwa rafiki mmoja. Rafiki huyo naye alikuwa na rafiki. Jumatatu iliyofuata mzazi wa mwanafunzi alinionyesha getini, akidhani sijaiona: "Mwalimu, umewaona hawa watu wa milimani?" Ilikuwa video yangu, lakini fupi. Mtu asiyejulikana alikuwa ameongeza muziki na maandishi makubwa yaliyomtaja mgeni kwa jina na cheo. Sehemu anayocheka ilikuwa imekatwa. Mama hakusikika. Kilichobaki ni mwanamke mtu mzima mwenye mto tumboni akimdhihaki kiongozi, kisha mwanamke huyohuyo na mchi.

Chini yake watu walikuwa wanagombana. Wengine walisema mama huyu apewe ubunge. Wengine walitumia nafasi hiyo kuitukana serikali kwa mambo yao wenyewe, ya umeme, ya mbolea. Wengine waliuliza maadili yamekwenda wapi, msibani, mbele ya watoto. Mmoja aliandika kwamba Morogoro imelaaniwa. Nilisoma maneno yote hayo nikiwa nimesimama getini, kengele ikalia, nikaingia darasani kufundisha.

Mwalimu mkuu aliniita mchana. "Inasemekana ile video imetoka kwako," alisema. "Sijakuuliza. Nakuambia tu inasemekana." Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Wito ulikuja kupitia kwa mtendaji wa kata siku ya tatu baadaye: mimi na mtani, kituo cha polisi mjini, Jumatano ya wiki iliyofuata saa nne. Nililala mlimani Jumanne ili tushuke pamoja. Mama alikuwa ameanza eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na kula kwake kulikuwa ni kwa mtani tu. Sisi watoto tukimpelekea chakula anakisukuma. Mtani anavuka kijito kila asubuhi, anasimama mlangoni na bakuli: "Kula, mchawi wewe. Au mzoga wa mume wako bado umekushibisha?" Mama anamtukana, wanatukanana mpaka bakuli linakwisha. Hata asubuhi ile ya kwenda kituoni alipita kwanza kumlisha. Nilikuwa nimesimama nje na mkoba wangu, namsikia mama akicheka na mdomo umejaa.

Tulishuka yeye mbele na kapu la matembele kichwani, maana alipanga akitoka kituoni apitie sokoni. Hakuwa na hofu yoyote. "Wewe mtumwa," alisema bila kugeuka, "ungeniambia unanipiga video ningevaa sidiria. Dunia nzima imeniona nimelegea." Nikacheka. Alisema hawa polisi nao wana makwao, tutawaambia ni utani, watacheka, adhuhuri tumerudi. Alisema nisisahau kununua ndimu, mama anataka ndimu.

Katikati ya njia alikwenda kichakani kujisaidia. Nilibaki peke yangu na kapu lake. Pale mtandao unashika vizuri. Nilitoa simu nikaifuta ile video, kwanza kwenye simu, kisha kwenye grupu, kisha nikampigia kaka naye afute. Akafuta bila kuuliza, na wengine wa familia, hata yule rafiki wa kaka, walikuwa wamekwisha kufuta kwa woga wao wenyewe. Ilikuwa ndiyo pekee yenye cheko la mgeni na cheko la mama. Hilo sikulifikiria. Nilifikiria daftari la mahudhurio, mshahara, na sura ya mwalimu mkuu.

Afisa aliyetupokea alikuwa kijana, mstaarabu, mwenye meza safi. Alimwamkia mtani shikamoo akampa kiti kizuri, mimi nikakaa kwenye benchi. Nilitamani awe mkali. Mtu mkali unajua usimame wapi.

"Mwalimu unafundisha somo gani?" aliniuliza.

"Uraia na Maadili."

"Basi umenirahisishia kazi." Akatabasamu. "Kila mtu ana uhuru wa kutoa maoni yake. Lakini uhuru huo una mipaka: usivuruge amani, usiharibu maadili ya jamii. Si ndivyo?"

"Ndivyo," nilijibu upesi, kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Na ndivyo ninavyofundisha. Wiki moja kabla ya baba kufa niliyaandika maneno hayohayo ubaoni na kuwapa wanafunzi mfano wa mtu anayepiga kelele za uongo sokoni kwamba kuna moto. Ni mfano mzuri, watoto huuelewa. Hata leo nauona ni mzuri.

Mtani alicheka. "Afande, huyu ni mtumwa wangu. Muulize mwenyewe. Marehemu alioa kwa watumwa wangu, nisipomtania mimi nani amtanie?"

"Bibi, najua utani. Mimi Msukuma, Wazaramo wananitesa humu ndani kila siku." Alisema hivyo kwa nia njema kabisa. "Lakini utani ukiwa uani kwenu ni utani. Ukiingia kwenye simu za watu wasiowajua, hao hawaoni mtani. Wanaona mtu anamtukana kiongozi na kucheza uchi."

"Uchi? Nilivaa koti."

"Ndivyo ilivyoandikwa kwenye lalamiko."

"Na simu mimi sina hata ya picha." Akatoa kifuani kitochi chake, kisimu cha vitufe kilichofungwa raba bendi, akakiweka mezani kama shahidi.

"Ndiyo maana nimemwita na mwalimu," afisa akasema. Alinitazama. "Aliyerekodi na kurusha ni nani, hilo bado sijaliandika."

Chumba kilikuwa na feni, na nakumbuka feni ile ilivyokuwa ikigonga kila ikizunguka. Afisa akaeleza polepole. Mgeni wetu ni mtu mwema, hana kinyongo, lakini jambo limefika kwa wakubwa wake, haliwezi kuachwa hivihivi. Mwenyewe amesema aliyevunjiwa heshima hasa ni marehemu. Sasa, familia ikiandika kwamba ilikwazika na vitendo vile na kwamba imemsamehe huyu bibi, na bibi akatia saini kwamba hatarudia hadharani, jalada linafungwa leo. Isipoandika, linakwenda mbele lote kama lilivyo, la aliyecheza na la aliyerusha.

"Kwa hiyo nakuuliza kwa niaba ya familia, mwalimu. Mlikwazika?"

Mtani alinigeukia akiwa ametulia, anangoja. Alikuwa na hakika na jibu kama alivyo na hakika kwamba kijito kiko palepale. Lilikuwa ni neno moja: ni mtani wetu. Hata mtoto wa darasa la kwanza wa kwetu angelisema. Huenda tungepelekwa mbele wote wawili. Huenda afisa angekuna kichwa tu, akatuambia turudi kesho, na kesho kutwa, mpaka watu wapate kitu kingine cha kucheka. Sijui, na nimekwisha kuchoka kujiuliza.

"Tulikwazika," nilisema. "Lakini tumemsamehe."

Wakati ule nilijiambia namwokoa. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilikuwa najiokoa mimi, na kwamba hayo mawili yalikaa pamoja kichwani mwangu bila kugombana. Nilipewa karatasi nikaandika barua nzima kwa mwandiko wangu wa ubaoni, wa herufi za mviringo: sisi familia ya marehemu tulikwazika, kwa moyo mkunjufu tumemsamehe. Nilisahihisha hata nukta moja. Sikusikia kitu chochote moyoni, na naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Afisa akamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mimi, si afisa:

"Mlikwazika?"

Nilimsogezea kalamu. Aliuliza mara moja tu. Akashika kalamu, anajua kuandika jina lake, akaliandika taratibu chini ya barua. Akakichukua kitochi chake.

Nje nilimwambia twende tukanywe chai kabla ya soko, nitamnunulia na maandazi. Siku nyingine angesema maandazi ya mtumwa yana chawa, kisha akala matano. Alijitwisha kapu lake, akasema, "Asante, mwalimu. Nimechelewa." Alivuka barabara kwa uangalifu, akatazama kulia na kushoto. Nilikwenda kununua ndimu.

Kesho yake hakuja. Mama alikaa na bakuli mbele yake akitazama mlango. Saa nne wakaja wazee wawili wa ukoo wao, mwanamume na mwanamke, wamevaa vizuri, wakabisha hodi wakangoja wajibiwe. Wakakaa kwenye mkeka. Yule mzee alisema wamesikia kwamba waliikwaza nyumba yetu wakati wa msiba. Alisema hawakujua. Alisema wanashukuru kwa kusamehewa, na kuanzia sasa watakaa nasi kama majirani wanavyokaa, kwa heshima. Yule mwanamke akatoka nje akarudi na kuku wawili waliofungwa miguu, akawaweka karibu na mlango. Mmoja mtani alimchukua kwetu kabla ya baba kuugua, yule mweupe mwenye kidonda cha jicho. Wa pili hakuna aliyemkumbuka, lakini wao walimkumbuka.

Wakaaga, wakaondoka. Mama akawatazama wale kuku.

"Nani alimsamehe?" akauliza.

"Mimi, mama. Walitaka karatasi. Wangetupeleka mahakamani sote wawili."

Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hata hivyo hawezi kununua. Hakunigombeza. Alisema nimfungulie dirisha.

Baadaye nilijitetea mbele ya watu wengi. Kaka alisema nilifanya vizuri, kazi haipatikani siku hizi. Mwalimu mkuu alisema nilitumia busara. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu na ndiye aliyepaswa kuulizwa, alisikiliza maelezo yote kuhusu jalada na sheria za mtandao, akauliza tu, "Na hukuweza kunipigia simu?" Simu ilikuwa mkononi mwangu siku nzima. Alikwenda ng'ambo mara mbili kuzungumza nao. Walimkaribisha vizuri, wakampa chai, wakamsindikiza hadi kijitoni. Alirudi akasema hawa watu hawana neno, wana heshima mno, na akatema mate.

Kula kwa mama kukawa kazi yangu. Nilikuwa napanda kila jioni baada ya vipindi, na Jumamosi nalala. Nikimbembeleza anameza vijiko viwili ili niondoke. Uji ulikuwa unaganda utando juu yake. Siku moja, kwa kuchoka, nilijaribu. Nilisimama mlangoni palepale alipokuwa akisimama mtani, nikashika bakuli hivyohivyo, nikasema, "Kula, mchawi wewe." Sauti yangu ilitoka ya kidarasani.

Mama akaniangalia kwa mshangao. "Mwanangu," alisema, "usinitukane."

Nilimwomba radhi. Alinisamehe papo hapo, kwa kuwa mimi ni mtoto wake na nasamehewa. Alikula kidogo siku ile, nadhani kwa kunihurumia.

Shuleni mambo yalitulia. Ile video watu waliisahau ndani ya wiki mbili, akaja mchungaji mmoja aliyeanguka jukwaani, wakamhamia yeye. Nilipofika kwenye ile mada tena, na darasa jingine, niliandika ubaoni: uhuru wa kutoa maoni una mipaka yake. Msichana mmoja aliuliza mipaka hiyo anaiweka nani. Nikamjibu kama kitabu kinavyosema, akaandika. Sina ugomvi na sentensi ile. Ninachokijua ni kwamba ilipoletwa kwangu kituoni, mimi ndiye niliyeisukuma ikafika hadi uani kwetu, ambako hakuna aliyeiita. Sheria haikuniambia niseme tulikwazika. Iliniuliza tu.

Mama alipungua mpaka gauni lake la eda likawa linamzunguka. Hakuwa mgonjwa, zahanati walimpima. Alikuwa hacheki tu, na mtu asiyecheka akiwa eda siku zake ni ndefu. Usiku hakulala vizuri, mchana alisinzia. Mara nyingine nilimkuta ameinua kichwa anasikiliza upande wa kijito. Ng'ambo tulikuwa tunamsikia mtani akiita mbuzi wake, sauti ileile. Nilikuwa nikikutana naye njiani, yeye anashuka na mboga, mimi napanda na mkate. Alinipisha kila mara. "Habari za kazi, mwalimu. Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Akasema anamshukuru Mungu. Ningetoa chochote anitukane.

Siku ya kutoka eda majirani walijaa tangu asubuhi. Mama alikogeshwa, akavalishwa nguo mpya, akatolewa kukaa kibarazani kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi. Jua lilimuumiza macho. Shehe akasoma dua, watu wakamshika mkono mmoja mmoja. Siku hii pia ilikuwa ya mtani: yeye ndiye humvuta mjane nje, humwambia sasa katafute mume, humchezesha mpaka aone haya. Nilikuwa nagawa chai na nilikuwa natazama njia, na niliona kwamba mama naye anatazama njia.

Alikuja saa tano. Alivaa baibui, amebeba mfuko wa mchele, na nyuma yake wanawake wengine watatu wa ukoo wao, nao wamebeba. Walisimama mwisho wa uwanja. "Hodi," akasema. Maisha yangu yote sikuwahi kulisikia neno lile kinywani mwake. Watu wakaitikia karibu. Akavua ndala, akaja akapiga goti mbele ya mama.

"Shikamoo, dada. Pole sana. Mwenyezi Mungu ampe marehemu kauli thabiti."

"Marahaba," mama akasema. Hakuuachia mkono wake. Niliona kidevu cha mama kinapanda, jicho moja linafinyika, sura ambayo sikuiona tangu siku ile ya kwenda kituoni. Akainama karibu, na kwa sauti kubwa, ili watu wote wasikie, akasema: "Umekuja kuiba nini leo, mbwa wewe?"

Shehe aliweka kikombe chini. Wanawake wote kwenye mikeka walikuwa wameanza kutabasamu, midomo imefunguka, wanangoja. Hata mimi nilikuwa nangoja, na birika mkononi.

Mtani aliinamisha macho. "Sijaja kuiba, dada," alisema taratibu. "Kama nimekuja vibaya, nisamehe."

Mama akauachia mkono. Akanyoosha kanga mapajani, kisha akageuka akanitafuta katikati ya watu mpaka akaniona.

"Mletee mgeni kiti," akaniambia.

Nikaweka birika chini, nikaenda kuleta kiti.